Omba ya Chini ya Sufuria

Duku mwanangu,

Nimekawia kukuandikia na sina cha kujitetea. Tangu tuliporudi kutoka Arua nimekuwa nikisema nitaandika kesho, na kesho ikifika nakuta kuna unga wa kukanda, kuna dada yako na homa yake, kuna watu wa sambusa wanagonga dirisha kabla sijanawa uso. Sasa begi lako liko pale kando ya mlango, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imekufa, kesho asubuhi unaondoka Koboko, na mimi ndiyo kwanza nashika kalamu. Unisamehe.

Ningekuambia kwa mdomo. Lakini mimi na wewe hatujazungumza sawasawa tangu siku ile kwa Mama Achol. Nikianza tu unasema, "Nimesikia, Mama," na macho yako yako kwenye simu. Karatasi huwezi kuiambia umeisikia. Utaisoma mpaka mwisho au utaifunika, lakini hutaikatiza.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufua soksi, wala za kusali. Hayo nimeyasema tangu ulipoanza kutembea, na kama hayajaingia, wino hautayaingiza. Nataka kukuandikia juu ya sahani. Fundi Ratib amekubali kukufundisha umeme wa magari, jambo ambalo nimeliomba kwa Mungu mpaka magoti yakaota sugu. Chumba tumepata kule Oli, mtaa wa Arua, karibu na karakana yake. Mwenye nyumba hataki jiko la mkaa, si ndani, si barazani, anasema ameshaunguliwa mara moja inatosha. Kwa hiyo mchana utakula hotelini na jioni utakula hotelini, na wewe ni mtu mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari alisema mbele yetu sote wawili: maumivu tukiyatuliza tutasubiri, yakirudi kwa ukali ule atakupasua. Na Fundi Ratib ni mtu mwema, lakini hawezi kumshikia nafasi kijana aliyelala wodini wakati vijana wengine wamejaa mlangoni kwake wakiomba hata kufagia. Basi kazi yako na tumbo lako vyote viko mikononi mwa mtu ambaye hata jina lako halijui, mtu aliyeshika upawa. Hilo ndilo linaninyima raha.

Watu wa upawa ninawajua. Nilikuwa mmoja wao.

Ulikuwa bado mgongoni. Baba yako alikuwa ameshaanza safari zake za Juba, zile za kurudi leo na kusahau kesho, na mimi nilikuwa msichana mdogo mwenye mtoto na cheti cha darasa la saba. Nikapata kazi katika hoteli ya Hajati mmoja, chini ya Arua Hill, pale ambapo watu wa ofisi walikuwa wakishuka mchana kula. Hajati alikuwa na kanuni moja jikoni, na alikuwa akiitangaza kama mwadhini: "Mutu yoyote asikoroge!" Sosi ikishaiva, hairuhusiwi kuguswa. Unaiacha itulie mpaka mafuta yote yapande juu, mekundu, yanang'aa kama rangi ya kucha, kwa sababu alikuwa akiyachanganya na mawese yanayovushwa kutoka Kongo. Nyama ilikuwa kidogo. Vitunguu vilikuwa kidogo. Mafuta yalikuwa mengi, kwa maana mafuta ni rahisi kuliko ujuzi. Mpishi hodari anakuonjesha kitunguu na bizari. Mpishi mvivu anakumiminia chupa, wewe unalamba midomo unasema leo chakula kimeiva.

Halafu ikaja heshima. Mteja mkubwa anapewa ya juu. Mteja mdogo anapewa ya chini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na si ya Hajati peke yake, wewe mwenyewe umeiona nyumba ngapi hapa kwetu. Upawa unapita juujuu ya sufuria kama mtu anayechota malai, unamwagwa juu ya wali mpaka wali unaogelea, na mteja anatabasamu kwa kuwa ametambuliwa. Nilikuwa na mteja mmoja, karani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni kana kwamba moja inaweza kufa ghafla. Siku moja Hajati alikuwa sokoni, nikakoroga sufuria kwa makosa. Karani akatazama sahani yake, akanitazama mimi.

"Dada, mimi nakosea wewe nini?"

"Hapana, mzee. Kuna shida?"

"Mimi nakula hapa kila siku. Leo unanipa ya chini, kama mutu ya kubeba magunia?"

Akasukuma sahani. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye mhuri wa serikali mezani kwake, alikataa kula siku nzima kwa kuwa hakuona mafuta yakimchuruzika. Nilimwomba radhi. Leo ningemcheka mbele ya macho yake. Maana wale wa magunia, waliokuwa wakikaa kwenye benchi ya nje na kupewa ya chini, ndio walikuwa wakila chakula. Nyama huzama, Duku. Maharage huzama, viazi huzama, majani huzama. Kinachoelea ni mafuta peke yake. Wakubwa walikuwa wakilipia heshima yao kwa kuachiwa mafuta, na wabeba magunia walikuwa wakitafuna nyama ya wakubwa huku wakidharauliwa. Nami nikala ya chini pamoja nao, kwa kuwa ndiyo iliyobaki, na ndiyo iliyokutilia maziwa mdomoni.

Ungedhani mtu aliyeona hayo atapata akili. Sikupata. Niliporudi Koboko nikawa na sufuria yangu mwenyewe na wageni wangu mwenyewe, na mgeni alipoingia nilimchotea ya juu kama Hajati. Na wewe nikakufundisha adabu, ile niliyofundishwa mimi: sahani inafutwa. Tonge la mwisho la enyasa linazungushwa mpaka bati linang'aa, ugali wetu huu wa muhogo unavyonyonya mafuta hata kitambaa hakifui dafu. Ulikuwa ukinionyesha sahani yako tupu kama kioo, nami nikikupigia makofi. "Mtoto ana adabu huyu!" Adabu gani hiyo, ya kulamba hata kile ambacho tumbo limekataa? Tulipigiana makofi mpaka ukaanza kushika ubavu wa kulia kila ukila chapati na mayai, nami nikasema ni gesi.

Sasa nije kwenye siku ya kwa mjomba wako.

Hiyo siku huipendi, najua. Mimi naichukia kuliko wewe. Mjomba wako Sebi, kaka yangu mkubwa, alikuwa anapokea wakwe. Mbuzi wamechinjwa, wali umepikwa kwenye mapipa, kanzu zimepigwa pasi. Wewe ulikuwa umetoka kumaliza mtihani wako, na muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ameshatuambia tuangalie mafuta mpaka upelekwe kupigwa picha ya tumbo. Nilijua. Na wewe ulijua. Sebi akakuita ukakae na wanaume kwenye mkeka, mara ya kwanza katika maisha yako, na uso wako ukawaka kama taa. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kunawia.

"Kijana imekuwa mwanaume leo," akasema Sebi. Unajua sauti yake, hata akinong'ona kuku wanakimbia. "Leta sahani yake hapa. Hapana hiyo. Ile kubwa!"

Ukanitazama. Mara moja tu, haraka.

"Mjomba, kidogo tu," ukasema.

"Kidogo nakula mugonjwa! Mwanaume nakula mafuta, hapana nakula majani kama sungura. Babu yako alikula mafuta ya mbuzi jeshini akatembea kwa mguu mpaka Sudani!"

Wanaume wakacheka. Na mjomba wako, mwenye tumbo linalotangulia kuingia chumbani halafu yeye anafuata, mtu asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake bila kumwita mtoto, akapitisha upawa juu ya sufuria, akachota mafuta ya mbuzi yaliyokuwa yameanza kuganda pembeni, akakumiminia. Mengine yakadondoka kwenye shati lako la kijani. Na mimi? Nilitabasamu. Nikasimama pale na birika langu kama sanamu, nikatabasamu, kwa sababu kaka yangu alikuwa anamheshimu mwanangu mbele ya watu. Ukala yote. Ukafuta sahani. Kila mtu akaona umelelewa vizuri.

Sitakukumbusha jioni yake. Wewe ulikuwa ndani ya maumivu, huenda hukusikia waliyokuwa wakisema nje. Mimi nilisikia. Sebi alisema ni jicho la watu, kuna mtu amekuonea wivu kwa mtihani. Mkewe akasema ni maji ya kisima. Shemeji zake wakasema umekula kwa haraka. Ukoo mzima ulikuwa tayari kumshtaki shetani, kisima na majirani, ila hakuna aliyeitazama sufuria. Nilikupandisha kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, ukitapika nyongo ya kijani, na Sebi alikimbia pembeni akihema akitaka nikufungie nyama za kula njiani! Wallahi, Duku, kama si heshima ya marehemu baba yangu, ningemfungia yeye.

Hayo yalikuwa makosa ya woga. Kosa la pili lilikuwa la kiburi, na hilo ulilipa wewe vilevile.

Tulipotoka hospitali nikaapa kwamba tone la mafuta halitapita mlango huu. Nilikuwa mshindi. Nilichemsha kila kitu. Maharage ya maji na chumvi, mchicha wa maji na chumvi, samaki wa maji na chumvi, mpaka paka akaacha kuja. Karanga nikazifungia kabatini. Parachichi nikawapa majirani. Na nilikuwa natembea sokoni kifua mbele nikiwadharau wanawake wote wenye chupa za mafuta kwenye vikapu, kana kwamba mimi nimepewa digrii. Wewe ukakonda. Ngozi ya viwiko ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Ukawa unapiga miayo mchana, unaamka usiku na njaa, kisha nikakukuta nyuma ya nyumba unakula sambusa zangu za biashara, mbili mbili, umejificha kama mwizi. Nikakufokea. Nilipaswa kujifokea mwenyewe.

Yule muuguzi wa Arua, mnene mwenye miwani, ndiye aliyenirudisha kwenye akili. Nilifika nikijisifu kwake. "Sista, mafuta nimeyafuta kabisa nyumbani." Nilitegemea anipongeze. Akakugeuza, akakutazama viwiko, akanitazama mimi.

"Mama Duku, nani nakuambia ufute?"

"Si mlisema mafuta ni mabaya?"

"Sisi tunasema ni mingi ndiyo mubaya. Mwili ya kijana bila mafuta ni kama gari bila oili. Na hata ile nyongo, kama hapana kazi kabisa, nakaa tu pale nazidi kuganda."

Akanishika mkono, akakunja kidole changu gumba, akanionyesha kutoka kwenye kiungo mpaka ncha. Mafuta ya kupikia ya mtu mmoja, mlo mmoja, hayo hapo. Kama ni karanga za kusaga, hesabu hizo ndizo mafuta yako, usiongeze mengine juu. Nusu ya sahani iwe majani na mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki au nyama isiyo na mafuta. Hakuna dawa, hakuna ushujaa. Nilirudi nyumbani, na jioni ile nikakukaangia kitunguu kwa mafuta ya kidole gumba, na harufu ilipopanda ulikuja ukasimama mlangoni ukacheka. Tangu hapo hujashika ubavu. Unakumbuka? Kumbe mwili hautaki sherehe wala adhabu. Unataka kipimo.

Lakini kipimo ni rahisi jikoni kwangu, ambako chupa ninaishika mimi. Ndiyo maana nilikupeleka Oli kabla ya kuhama, nione utakula wapi. Na huko ndiko tulikogombana.

Mama Achol ni mwanamke safi. Lile banda lake karibu na karakana limefagiwa, vikombe vimefunikwa, na alikuja kutoka Sudani Kusini na watoto wake bila mume na sasa analisha nusu ya mafundi wa pale. Simdharau. Fundi Ratib alitukaribisha kula kwake, tukakaa, wewe ukaagiza fuli, maharage yale yaliyopondwa na kitunguu na nyanya. Chakula kizuri kabisa. Kikawekwa mbele yako kikavu, kizuri, halafu Mama Achol akaja na kopo lake la mafuta, akaliinamisha juu ya bakuli lako, akaanza kuzungusha. Akazungusha. Akazungusha. Nikakutazama. Ulikuwa unamtazama Fundi Ratib, kama anakuona unavyoheshimiwa. Mdomo wako ulikuwa umefungwa kama wangu siku ya Sebi. Nikaona ule ujinga umetoka kwangu ukaingia kwako, umekaa kwenye uso wako, na hata tabasamu ni lile lile.

Ndipo nikasema, na najua nilisema kwa sauti, "Basi, mama, basi! Hilo ondoa. Mupe ingine, hapana na mafuta. Na ile sosi ya nyama, chota ya chini."

Banda zima likageuka. Kijana mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi akasema, "Mama ya Koboko, hela imeisha?"

"Hela iko," nikamwambia. "Ya kununua mafuta ndiyo hapana iko."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Huyu kijana atashika spana na hii chakula ya sungura?" Sungura tena! Hawana mnyama mwingine hawa watu. Mama Achol hakucheka. Alichukua bakuli, akaleta jingine, akachota sosi kutoka chini, ikaja na vipande vya nyama vinne ambavyo hakuna mtu mwingine banda zima alikuwa navyo. Ulikula umeinamisha kichwa. Hukuhesabu nyama. Mimi nilihesabu.

Njiani kurudi ukasema, "Mama, umeniaibisha mbele ya fundi wangu." Na ndiyo maneno yako ya mwisho marefu kwangu mpaka leo.

Nimeyafikiria. Nakubali nilikosea jambo moja: nilisema kwa niaba yako. Wewe ni mtu mzima, mdomo ni wako, na ungepaswa kusema mwenyewe. Lakini hukusema, Duku. Na mimi sitakuwapo kesho kutwa. Aibu ile uliyoiona, umeipima? Wanaume saba waliopakwa grisi walicheka kwa muda wa kumeza tonge, kisha wakarudi kwenye mpira wao. Hiyo ndiyo aibu yote. Nakuuliza, ni nani kati yao angekupandisha bodaboda? Yule aliyesema sungura angekushikia beseni?

Ninawadharau, mwanangu, na ninataka uwadharau kidogo. Si kwa mdomo. Kwa mdomo uwe na adabu, waite kaka, waite mzee, cheka na mizaha yao, ukitaniwa sungura tingisha masikio. Lakini moyoni mwako, upawa ukija, wadharau kabisa. Mtu anayepima uanaume wako kwa mafuta yaliyobaki kwenye ndevu zako hana kipimo kingine, ndiyo maana anatumia hicho. Anastahili huruma, hastahili utii.

Mafuta ya Mama Achol humiminwa mwisho. Kwa hiyo useme mwanzo, ukiagiza, kabla hajashika kopo. Ukingoja amimine halafu ulalamike, umempotezea mafuta na umemkosea. Sema "bila mafuta juu, sosi ya chini", kwa sauti ile ile unayoombea maji. Usieleze. Huna deni la kumsomea kila mtu habari za nyongo yako. Samaki wakiwa wa kukaanga na wa kuchoma wote wapo, unajua wa kwako. Asubuhi chapati moja kavu na chai inatosha, lakini ile iliyoviringishwa na mayai yanayoogelea, waachie wenye nyongo za chuma. Na siku ukila chapati, basi mafuta yako ya mlo huo yamekwisha, usiniletee hadithi ya kuongeza mchicha wa karanga kwa kuwa eti ni mboga. Karanga ni mafuta yaliyovaa nguo za mboga. Zile kwa kiasi, siku nyingine, na ufurahi nazo, maana sitaki urudi na viwiko vile. Parachichi kipande, si zima. Chakula kikija kinaogelea na huna la kufanya, inamisha sahani, weka kijiko chini ya upande mmoja, mafuta yatelemkie kule, ule kutoka upande wa juu. Watakuuliza unafanya nini. Sema unapima levo ya oili, wewe ni fundi.

Na siku ukienda kwa mjomba wako Sebi, kwa sababu utakwenda, sikukuu itafika na damu ni damu, atachukua upawa. Nimeshakwenda kumwambia. Nilikwenda jana, nikasimama uani kwake, nikamwambia, "Kaka, siku nyingine ukimmiminia mwanangu mafuta, nitakumiminia wewe, yakiwa ya moto." Alidhani ninatania. Kisha akanitazama vizuri. Akasema, "Lakini dada, sisi tunamheshimu mutoto." Nikamwambia amheshimu kwa kumnunulia bisibisi. Amenuna. Lakini leo asubuhi ameleta bisibisi, iko kwenye begi lako, mfuko wa pembeni. Usimcheke. Ndivyo anavyojua kusema samahani.

Nimechoka, mwanangu, na unga wa kesho bado haujakandwa. Wewe una miaka kumi na minane na mimi bado sijafika arobaini. Tumekua pamoja katika nyumba hii, na mengine nimejifunzia mwilini mwako, jambo ambalo mama hapaswi kulifanya lakini akina mama wote hulifanya. Sikuombi unisamehe kwa siku ya Mama Achol. Ningefanya tena. Nakuomba tu siku ya kwanza, ukikaa peke yako kwenye benchi lile na upawa ukianza kupita juu, usitafute uso wangu mlangoni. Fungua mdomo.

Mtu yeyote anayepanda Koboko siku ya soko anajua nyumba yetu, kwa hiyo usiniambie hukupata wa kumpa. Vitu ninavyohitaji bado unitumie ni hivi. Bakuli langu la plastiki lenye mfuniko, ukishamaliza sambusa za njiani. Nimezioka kwenye chungu, hazikukaangwa, na najua si tamu, kula tu. Shati la kijani, ambalo umelipakia chini ya mengine ukidhani sikuona. Nitalitoa lile doa kwa majivu na limau, sitaki uingie kwa watu na mafuta ya Sebi kifuani. Jina watakalokubandika pale kwa Mama Achol, hata likiwa Sungura, nataka kulijua ili nami nikuite. Sauti yako kwenye simu, ikiniambia ulichokula, si "nimekula vizuri". Na picha ya sahani yako ukishamaliza kula, sahani yenyewe usiifute kwa tonge. Nilikulea unionyeshe sahani inayong'aa. Sasa nitumie chafu, mafuta yamebaki pale pembeni, yameganda, na hakuna aliyeyala.

Mama yako